Moshi Mbele ya Besi

Gerson aliomba mashine yake iharibike. Siku zote alikuwa akiiombea uzima, maana ndiyo iliyomlisha: mashine ya moshi ya kukodisha, ile inayowafunika maharusi wakiingia ukumbini mpaka shangazi anamkumbatia mpiga picha akidhani ni bwana harusi. Lakini asubuhi hiyo ilifuka vizuri kuliko wakati wowote.

Aliyeikodi ni Daktari Shamila, mtafiti aliyekuja kupiga picha hewa. Aliziba madirisha ya kanisa kwa vitenge, akawasha taa ya leza ambayo mwanga wake ulisimama ndani ya moshi kama bati la kijani, akatega kamera. Alitaka kuona pumzi za wanakwaya zinavyosafiri, ajue mafua husambaaje na madirisha yaongezwe wapi.

"Kwani pumzi inaonekana?" Gerson alimuuliza walipokuwa wawili tu wakifunga nyaya.

"Inaonekana ya kila mtu, kaka. Anayeimba anausukuma moshi. Anayepanua mdomo tu, moshi wake hautikisiki."

Tangu hapo akaanza kuiombea mashine mabaya. Gerson alikuwa na miaka saba katika kwaya hiyo, kwenye sauti ya besi, na hakuwahi kutoa sauti hata moja. Alipanua mdomo kwa ufundi, akakunja uso penye Golgota, akapandisha mabega penye Haleluya. Besi walisimama wanne kando ya spika ya kinanda, na pale hata mtu akinguruma, jirani yake hasikii kitu. Nani angejua?

Tatizo ni Mwalimu Benjamini. Huyo ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwaya na besi wa kwanza, na kifua chake kilisifiwa kutoka Isevya mpaka Puge. Mwaka jana alimvua joho mama mmoja wa alto mbele ya waumini kwa kosa la kuchezesha midomo bila kuimba. Alisema huko ni kumtapeli Mungu. Na leo Martha, mama yake Gerson, alikuwa benchi la mbele na majirani aliowaleta kuisikia sauti ya mwanawe.

Gerson akasema liwalo na liwe. Kinanda kilipolia, akaimba.

Sauti ilitoka kama mkwaruzo wa mlango wa ghala la tumbaku, ikapenya hata mlio wa spika. Lugembe, aliyekuwa kulia kwake, akashtuka. Jilala wa kushoto akajisogeza pembeni, na Mwalimu Benjamini akamkata jicho. Gerson hakuacha. Aliona afadhali afukuzwe kwa kuimba vibaya kuliko kuvuliwa joho mama yake akitazama. Alizimaliza beti zote, shati limemlowa, aibu imemjaa mpaka masikioni.

Shamila alipowasha projekta, Mwalimu Benjamini alisimama mbele ya wote akirekebisha tai.

"Daktari, tuanzie kwa besi," alisema. "Nataka waumini waone kwaya hii inabebwa na nani."

Ukutani wakatokea wanaume wanne katika mwanga wa kijani, midomo wazi, mishipa ya shingo imewatoka. Mbele ya Gerson moshi ulikuwa ukiviringika na kuchanika. Mbele ya Lugembe, mbele ya Jilala na mbele ya Mwalimu Benjamini, ulikuwa umetulia tuli.