Sululu wa Mzee Haji

Kidole cha tatu kilipovunjika, Mzee Haji alimtaja Mola wake. Tahiri aliinua tena mchi wa kinu.

"Mjomba, usinitie dhambini," alisema, naye amemkalia kifuani. "Ndege wako wapi?"

Dhambini! Mtu aliyeingia kwa shikamoo, akakaribishwa uji.

Ushongo nzima ilizijua habari za ndege wale: sululu, ndege wa pwani wenye mdomo mrefu uliopinda, waliochongwa kwa mti, kazi ya baba yake Haji enzi za Mjerumani. Maji ya bahari yakitoka, walichomekwa matopeni, na sululu wenye roho wakishuka kuwafuata wenzao, walinaswa. Haji aliurithi ufundi ule, akautupa ujanani, siku sheikh aliposema kwamba kesho ahera mchonga viumbe ataambiwa avipulizie roho. Tangu hapo hakuna aliyemwona akichonga ila mipini ya majembe.

Tahiri hakuwa na habari ya ahera. Shamba la mkonge lilimwachisha kazi, na sasa biashara ni ruksa. Bi Sabiha wa Tanga, anayewauzia wageni vitu vya kale, alimwahidi kumfanya mshirika wake dukani akimpatia sululu wa Ushongo.

"Wa baba waliliwa na mchwa," Mzee Haji alisema kwa shida.

"Muongo! Nimekuona ukifukia kikapu mikokoni."

Mzee aligeuza uso ukutani. "Hao niachie, mwanangu. Nitauweka wapi uso wangu?"

"Kumbe wapo!"

Mchi ulishuka juu ya mkono wa kulia, ukashuka tena juu ya wa kushoto, hata mzee akazimia. Tahiri hakumfunika hata shuka. Alichukua jembe, akaenda mikokoni.

Walikuwa kumi na mmoja, wekundu, wembamba wa miguu, wamekaa kama wanaotaka kuruka. Kila mmoja alikuwa na mkato wa wembe shingoni. Tahiri aliwabusu, akapanda basi la kwanza.

Dukani, Bi Sabiha alimgeuza mmoja, akapitisha kidole kwenye ule mkato, kisha akamkwangua tumbo kwa ukucha. Rangi ya magome ya mkoko ilibanduka. Chini yake mti ulikuwa mweupe pe.

"Hawa hawajatimiza hata mwaka," alisema.

Tahiri aliinua mkono kuapa. "Bi Sabiha, wallahi..."

"Nyamaza kwanza." Machozi yalimlengalenga Bi Sabiha. "Wa kale ninao, na hawafui dafu mbele ya hawa. Fundi kachonga, kisha kamchinja kila mmoja, asije akadaiwa roho yake. Mtu huyu yu hai, Tahiri! Yeye achonge, wewe ulete, mimi niuze, tule sote mpaka tuzeeke."

Alijitanda mtandio, akatwaa ufunguo wa gari.

"Twende. Nataka niione hiyo mikono."