Akiba Ndani ya Soksi

Kinyozi alitoka nyumbani asubuhi akichechemea, na mguu wake haukuwa na kidonda. Alikuwa na akiba yote ya familia ndani ya soksi ya kushoto. Mkewe alimuuliza kutoka bafuni kama amechukua mwavuli, naye akajibu kuwa ameuchukua. Huo nao ulikuwa uongo.

Nyumbani kwao fedha ilikuwa na serikali yake, na serikali hiyo ilikuwa mkewe. Juu ya kabati la jikoni yalipangwa makopo: la chakula, la ada, la nyumba na la akiba. Kila mwisho wa mwezi kinyozi alikabidhi alichovuna kwa mkasi na mashine, mkewe akagawa, na kilichobaki mkononi mwa kinyozi kilikuwa shukrani. Mkopo wa nyumba ulichukuliwa kwa jina la mke, kwa kuwa alikuwa muuguzi mwenye hati ya mshahara, na benki haijawahi kumpenda mtu anayelipwa kwa sarafu. Mke ndiye aliyepeleka marejesho. Kinyozi aliweka sahihi pale alipoonyeshwa, akarudi kazini.

Hakuwa na kinyongo na mpango huo. Kilichomkosesha usingizi ni kibanda.

Kibanda chake cha kunyolea alikipanga tangu kabla ya kuoa. Miaka michache iliyopita mmiliki wa zamani, mzee mmoja mpole, alikiuza, na mnunuzi hakuwahi kuonyesha sura. Kodi ilipokelewa na dalali, mtu mfupi mwenye kofia, ambaye kila alipoulizwa tajiri wake ni nani alijibu kwamba tajiri hapendi kusumbuliwa. Mwezi uliopita dalali alileta salamu: kodi inapanda, na asiyeweza awapishe wenye uwezo.

Balaa haliji peke yake. Wiki hiyohiyo mkewe alitangaza mezani kuwa benki nayo imepandisha riba, kwa hiyo nyama itakuwa mara moja kwa wiki na mkate utakatwa vipande vyembamba. Binti yao aliinua kipande chake, akajaribu kumtazama baba yake kupitia humo.

"Huyu mwenye kibanda ni kupe," kinyozi alisema. Alilisema hilo kila jioni, na mchana aliwaambia wateja. "Ananinyonya damu huku amekaa kwenye kochi."

"Labda naye ana watoto wa kulisha," mkewe alijibu, akimwongezea maharage.

"Basi na watoto wake ni kupe vilevile."

Mkewe alimwambia ale, chakula kinapoa.

Ukweli ni kwamba kinyozi aliogopa. Kinyozi asiye na kiti ni mtu anayetembea na wembe mfukoni, na mtu wa namna hiyo hukimbiwa. Umri wake haukuwa wa kwenda kutafuta vichwa mtaa mwingine, kwa watu wasiojua mkono wake. Akapiga hesabu zake: akiba ikimaliza deni la nyumba, yale marejesho ya kila mwezi yatageuka kuwa kodi, na kibanda kitapona. Alimweleza mkewe wazo hilo kwa unyenyekevu, akiwa amekwisha kuosha vyombo. Mkewe alikataa kwa sauti ileile anayotumia kuwaambia wagonjwa kwamba sindano haiumi. Akiba haiguswi. Kodi italipwa kama ilivyolipwa siku zote, na yeye aongeze bidii.

"Halafu punguza kumsema mwenye kibanda mbele za watu," aliongeza. "Maneno yana miguu, mume wangu."

Lakini moyoni kinyozi alishaamua. Ndiyo maana sasa alikuwa benki, kiatu kimoja kimevuliwa, akipanga noti zenye joto mbele ya karani. Karani, msichana mwenye miwani, hakuonyesha kushangaa. Pengine alishaona makubwa zaidi.

"Namaliza deni la nyumba," kinyozi alisema. Sentensi hiyo aliifanyia mazoezi njia nzima. Alijiona akirudi nyumbani na habari hiyo. Mkewe angenuna siku mbili tatu, kisha angecheka, na kibanda kingebaki chake.

Karani alichukua kitambulisho, akaona jina lake lipo kama mume na mdhamini, akaitazama kompyuta kwa muda mrefu kuliko kinyozi alivyopenda. Halafu akazisukuma noti kurudi upande wake.

"Deni la nyumba lilikwisha zamani, baba. Mama alilimaliza mwenyewe, kabla ya muda."

Kinyozi alishika ukingo wa meza. Marejesho ya miaka yote aliyoyatoa jikoni kwake yalimpitia kichwani, na nyuma ya marejesho hayo akamwazia mwanamume asiyemjua, kavaa viatu vizuri vilivyonunuliwa kwa pesa hizo. Ilimuuma kuliko alivyotegemea.

"Sasa pesa ninayotoa kila mwezi inakwenda kwa nani?"

"Inakuja hapahapa. Alichukua mkopo mwingine, na wewe ulisaini. Alinunulia kibanda fulani cha kinyozi." Karani alisogeza miwani yake. "Huo bado, ila anaulipa vizuri sana, na kodi ya mpangaji inamsaidia. Anasema mpangaji wake ni mtu mwema na mchapakazi, tatizo lake ni mdomo tu."