Pua ya Bi Mize

Katika ghala la baridi la machungwa, Bi Mize hakutegemea macho. Miaka kumi na tisa aliinamia kila kreti, akanusa, akalitoa chungwa lililoanza kuoza kabla halijaambukiza mengine.

"Bibi, ukifa pua hiyo utuachie," msimamizi Shomari alimtania kutoka mlangoni.

"Nikuachie wewe, usiyesikia hata harufu ya soksi zako?"

Wakacheka. Bi Mize akazamisha uso ndani ya kreti ya mwisho, akavuta pumzi. Akatulia, akavuta tena.

"Mazima haya," alisema, akainuka.

Shomari alikuwa keshaziba pua kwa uvundo. Kwenye ncha ya pua ya Bi Mize kulikuwa na unga wa kijani wa kuvu.

"Mbona hunitanii tena?"

Shomari alitoa leso mfukoni, akabaki ameishika.