Nafasi Kwenye Benchi

Semeni alikuwa ameshainama nyuma ya kamera, kidole juu ya kitufe, bibi yake aliponyanyua mkono.

"Subiri kwanza. Hatujatimia."

Semeni akawatazama tena. Ndugu wote wa mama yake walikuwa wamejipanga mbele ya nyumba, huku juu mlimani Bigwa, na ukungu ukishuka nyuma yao. Walikuwa wamebanana mabega, lakini katikati ya benchi, ubavuni kwa bibi, palikuwa na nafasi tupu.

"Tunamsubiri nani, bibi?"

Wakaangua kicheko.

"Wewe, mjukuu wangu!"

Semeni akainuka nyuma ya kamera. Miaka tisa alikuwa akipiga picha za familia za wahamiaji kule Oslo, alikozaliwa, na hakuwahi kuingia hata katika moja.

"Bibi, baba yangu ni wa kule. Kiluguru chenyewe sikijui. Mimi mgeni tu."

"Nani kakwambia? Kwetu Waluguru mtoto anafuata ukoo wa mama yake. Na mama yako nilimbeba mimi mgongoni. Njoo ukae."

Semeni akaitega kamera ijipige yenyewe baada ya sekunde kumi, akakimbia kuketi kwenye ile nafasi. Bibi akamshika mkono kwa kiganja kilichokomazwa na jembe, akaubana juu ya paja lake.

"Picha hii unisafishie kubwa," alinong'ona, macho yake yakiwa kwenye kitaa chekundu cha kamera. "Mama yako akirudi kutoka huko Oslo, aikute ukutani."