Rula Hewani

Binti yangu, mwalimu wa darasa la pili, alinisimulia haya jana jioni tukichambua mchele.

Chuoni walimfundisha kuwa mtoto huielewa hesabu kwa kushika vitu, si kwa fimbo. Basi akawamwagia wanafunzi vizibo vya soda mezani.

“Saba ukiongeza tano ni ngapi, bibie?”

Msichana wa dawati la mbele akahesabu, akakosea. Papo hapo akafumba macho, akanyoosha viganja.

“Nani kakwambia nitakuchapa, mwanangu?”

“Si umeinua rula, mwalimu?”

Binti yangu akatazama juu. Rula ilikuwa hewani, mkononi mwake mwenyewe, vilevile mwalimu wake wa zamani alivyokuwa akimwinulia yeye.

“Sikujua nimeiinua, mama wee,” akaniambia, akiusukuma ungo wa mchele kando.

Usiku huo akalala mapema, mikono kaibana kwapani kama anayeizuia isitoke.