Jina Baada ya Bin

Fundi alichonga SUWIGNYO BIN kwenye jiwe la kaburi, kisha akaambiwa aishie hapo.

Jina la baba lingechongwa baada ya kasri la Solo, kisiwani Java, kutoa barua ya kuthibitisha nasaba. Mwalimu mstaafu Suwignyo alikuwa na miaka sitini na tisa, na daktari alikuwa amempa miezi michache. Alitaka azikwe kwa jina la baba yake wa kweli, mwanamfalme.

"Baba, ukishapewa hiyo barua, uji tutakuwa tunakuletea kwa magoti?" binti yake Retno alimtania walipokuwa wakivua viatu mlangoni mwa ofisi ya nasaba ya kasri.

"Utaniletea kwa magoti, na usiumwage."

Bibi Murtini, mtunza nasaba, aliwatazama juu ya miwani. "Wewe ni wa nne wiki hii, Mzee. Kwa watoto wote mnaombandikia marehemu mwanamfalme, angelala saa ngapi?"

"Wangu si uvumi, Bibi. Mama yangu alikuwa mchora batiki nyumbani kwake. Na aliyesema ni mumewe mwenyewe."

Akaeleza. Mume wa mama yake aliitwa Karso, mkata nyasi za farasi wa mwanamfalme. Suwignyo alipokuwa mdogo, Karso alitoweka miaka saba, akarudi hana meno ya mbele. Mwaka mmoja baadaye, wiki ambayo Suwignyo alikuwa akijaza fomu za chuo cha ualimu, Karso alimpeleka kwa mwenyekiti wa mtaa. Akatamka mbele ya watu: huyu si damu yangu, ni wa bwana, mimi niliozwa mama yake akiwa tayari na mimba.

Hakuna aliyeshangaa. Wakubwa ndivyo walivyofanya, na mtumishi aliyepewa mke wa namna hiyo alishukuru na kunyamaza.

"Mliishije naye baada ya hapo?" Bibi Murtini aliuliza.

"Nilimwita Karso. Kila mtu na jina lake." Suwignyo alitazama pembeni. "Alipokufa nilikuwa nasimamia mtihani. Sikwenda."

Bibi Murtini alifungua daftari la vifo. Kidole chake kikasimama.

"Umezaliwa lini, Mzee?"

"Mwaka hamsini na sita."

"Mwanamfalme alifariki mwaka hamsini na mbili."

Retno alimshika baba yake mkono. Bibi Murtini aliingia ndani, akakaa sana, akarudi na karatasi moja ya njano.

"Nimetafuta jina la mama yako. Kuna barua hii, ya mwaka sabini na tatu. Nikusomee?"

Mzee aliitikia kwa kichwa.

"'Waheshimiwa wa kasri. Painem ni mke wangu, na Suwignyo ni mwanangu wa kumzaa. Chuo cha ualimu hakipokei mtoto wa mtu aliyefungwa kwa siasa kama mimi. Kwa hiyo nimetangaza kwamba ni wa marehemu bwana wetu. Wakija kuwauliza, nawasihi msiutaje mwaka aliofariki. Mtoto mwenyewe hatatusumbua. Ameshaamini, tangu jana haniiti tena baba.'"