Picha ya Kichwa cha Fundi Kufuli

Taya lilikuwa limemvimba upande mmoja, lakini majibu waliyokuja kuchukua hayakuwa yake. Mwanamke wa watu alikaa kwenye benchi la hospitali, mkoba mapajani, akiomba kimoyomoyo: ee Mungu, mpe mume wangu ubongo mzima, mengine niachie mimi.

Kulia kwake alikaa mumewe, fundi kufuli, mwenye vidole vya kufungua mlango wowote bila kukwaruza rangi. Mbele yao alisimama mama mkwe, hakai.

"Vidole hivi," alisema, akivishika vya mwanawe. "Marehemu baba yako alikuwa navyo hivi hivi."

Hapo ndipo penye jambo. Baba mkwe alianza kwa kupigana usingizini. Alirusha mateke, akafukuza mbwa wasiokuwepo, akaanguka kutoka kitandani mara sijui ngapi, siku moja akapasuka paji la uso kwenye kona ya meza. Miaka tisa baadaye mikono ikaanza kutetemeka, akafa akilishwa kwa kijiko. Ugonjwa wa Parkinson, wakaambiwa, na zile ndoto za ngumi ndizo zilizokuwa hodi yake.

Sasa mwana naye alikuwa ameanza, mwaka wa pili huu. Usiku wa kwanza alimpiga mkewe ngumi ya jicho. Asubuhi alipoliona alilia kama mtoto, akamkanda kwa maji ya moto. "Niliota wezi," alisema. "Nilikuwa nakutetea." Ukiambiwa hivyo na mtu anayelia, utajibu nini? Baada ya jicho likaja bega, baada ya bega mbavu. Yeye mwenyewe hakuwahi kuchubuka hata ukucha. Ana bahati huyo, watu walisema.

Hasira za mchana zilimfuata kitandani, maskini. Wakikorofishana jioni, mke alijua usiku wezi watakuja. Wakiwa na wageni chumba cha pili, wezi hawaonekani. "Anatulia akijua kuna watu," mke alieleza, na alieleza kwa huruma.

Kaka yake alikuja kumchukua. "Dada, kusanya nguo zako. Leo."

"Nimwache mgonjwa? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, kaka yangu. Anayenipiga si yeye, ni ugonjwa."

Kaka akaondoka amenuna. Mama mkwe alimsifu mbele ya ukoo mzima, mvumilivu hula mbivu. Tangu hapo mke alibaki na hofu moja tu: siku vidole vile vitakapoanza kutetemeka. Kila asubuhi, kabla hata ya salamu, aliangalia kikombe cha mumewe, chai isije ikawa inacheza.

Ni yeye aliyesikia kwamba hospitali inatafuta watu wanaopigana usingizini, wapigwe picha za ubongo mapema kabla ugonjwa haujajitokeza. Mume alikataa katakata. "Mimi si panya wa kujaribiwa!" Mke akamwendea mama mkwe, mama mkwe akaitisha kikao cha familia, na mbele ya mama yake fundi akanywea.

Picha ilipigwa mchana: sindano ya mshipani, kungoja, kisha kamera ikamzunguka kichwa polepole. Halafu wakatakiwa kulala pale usiku mmoja, mke kando yake kama nyumbani. Fundi akabandikwa nyaya kichwa kizima.

"Hiyo kamera ya ukutani inaona gizani?" alimuuliza muuguzi.

"Inaona vizuri sana."

"Na hizi nyaya?"

"Za vipimo, baba. We lala tu."

Usiku ule wezi walikuja kwa kishindo. Jino moja la mke likaenda. Na mwanamke huyo, damu mdomoni, alifurahi, jamani! Alifurahi! "Mmejionea wenyewe," alimwambia muuguzi. "Sasa mtamsaidia."

Sasa, mbele ya benchi lao, mlango ukafunguliwa. Daktari, mama mfupi mwenye miwani, aliwaingiza wote watatu, akawaonyesha picha kwenye kompyuta. Katikati ya ubongo ziling'aa alama mbili zenye mikia.

"Mtu akiwa na Parkinson, mikia hii hufifia, alama zikabaki nukta. Hii yako haina kasoro. Sioni dalili yoyote ya ugonjwa."

Mama mkwe alipiga magoti palepale sakafuni. Fundi alifunika uso kwa mikono, mabega yakatikisika. Mkewe alimkumbatia, akaishika ile mikono, akaibusu kidole kimoja kimoja. Miaka miwili ya hofu ilimtoka kwa machozi. Alitamani kumpigia kaka yake simu wakati uleule.

"Nendeni mkapate hewa," daktari aliwaambia mama na mwana. "Wewe dada baki kidogo, kuna sahihi yako."

Mlango ulipofungwa, daktari hakutoa karatasi yoyote. Alifungua ukurasa mwingine kwenye kompyuta, umejaa mistari.

"Zile nyaya zinasoma usingizi. Mtu akiwa amelala, mistari inakwenda hivi. Akiwa macho, inakwenda hivi. Umenielewa?"

"Nimeelewa, daktari." Alikuwa bado anatabasamu, anafuta machozi.

"Kamera inaonyesha alikupiga saa nane na dakika kumi." Daktari alisogeza kidole kwenye mistari, taratibu, mpaka kikasimama. "Usingizi ulimchukua saa nane na nusu. Kabla ya hapo hakulala hata kidogo."

Mlango ukagongwa mara mbili. Fundi alichungulia, uso umejaa furaha.

"Mke wangu, njoo twende nyumbani."